Ushoni wa Viatu Majumbani katika Merti

Watu wa pwani, tangu zama ambazo mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa mafundi wake wa ngozi, ambao makubadhi yao yenye nakshi yalivaliwa na waungwana wa Lamu na kupakiwa majahazini kupelekwa kwingineko, wamezoea kukihesabu kiatu kuwa ni kazi ya fundi maalumu, mwenye baraza yake na wanagenzi wake na siri zake, ambaye mteja humwendea na fedha mkononi na kumweleza haja yake. Mtu mwenye mazoea hayo akienda kaskazini ya Kenya, akaufuata mto wa Ewaso Nyiro mpaka Merti, kisha akauliza walikaa mtaa gani washona viatu wa zamani wa nchi ile, atakuwa ameuliza swali lisilo na jawabu. Kwani katika zama za ngozi hapakuwa na mtaa wa washona viatu wala baraza ya mshona viatu, ilhali ilikuwa nadra kumpata mwanamume mzima asiyeweza kujishonea jozi yake mwenyewe, akamshonea na mkewe, na wanawe, na mgeni aliyeingia kwake na kiatu kilichokatika.

Merti iko upande wa kaskazini wa mto huo, zaidi ya kilomita 200 kutoka Isiolo mjini kwa njia ya gari. Mto wenyewe huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita nchi ya Wasamburu, ukateremka katika tambarare za Waborana wa Waso, na mwisho wake aghalabu hauwi bahari bali ni kinamasi cha Lorian, ambako maji hutawanyika na kunywewa na ardhi. Kando ya maji kuna mikoma na migunga yenye kivuli. Lakini aliyekwenda mwendo mdogo tu kutoka ukingoni hujikuta katika uwanda wa vichaka vya miiba, na nyuma ya uwanda huo umeinuka uwanda wa juu wa Merti, uliofunikwa na mawe meusi yaliyotemwa na volkano za dahari zilizopita. Mwiba wa mgunga ni mweupe, umenyooka, na urefu wake wakati mwingine hupita wa kidole cha mtu mzima. Wa kikwata ni mfupi na umepinda, nao hurarua nyama badala ya kuitoboa. Jua likifika utosini, mchanga na mawe hayakanyagiki. Mchungaji wa ng'ombe katika nchi kama hiyo, ambaye hutoka bomani alfajiri na kutembea mchana kutwa baina ya malisho na maji, kiatu kwake si pambo wala alama ya hadhi. Ni zana ya kazi, na mwiba ukimwingia wayoni mbali na kwao si yeye peke yake anayechechemea, bali kundi zima husimama.

Waborana wengi wa Waso walifika huko katika miaka ya 1930, baada ya kusukumwa kutoka visima vya Wajir na majirani zao Wasomali, na baada ya serikali ya kikoloni kuchora mwaka 1934 mstari uliokusudiwa kuwatenga kaumu hizo mbili katika malisho na maji. Walikuja na ng'ombe wao, na ng'ombe ndiye aliyekuwa kila kitu: maziwa, mahari, sadaka, dhamana ya amani baina ya koo. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa na kazi nyingi nyumbani hata haikuweza kutupwa. Ndiyo iliyokuwa tandiko la kulalia, wanaloliita itille. Ndiyo iliyokatwa kamba za kufungia mizigo juu ya ngamia na punda. Na kwa visima virefu, ambako wanaume husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana maji huku wakiimba, palihitajiwa ndoo ya ngozi iitwayo okole, ambayo iliyo bora ilitengenezwa kwa ngozi ya twiga. Kiatu kilikuja nyuma ya hayo yote. Kilikatwa katika kipande kilichobakia, au katika tandiko lililokwisha kuchakaa, na yamkini ndiyo sababu hakikupata kuandikwa wala kusimuliwa sana. Wasafiri na maafisa waliotunga vitabu juu ya nchi ile waliitazama mikuki na vito vya shingoni. Nani angejishughulisha na kandambili za mchunga ng'ombe?

Basi tuitazame kazi yenyewe, maana ina maarifa mengi kuliko idhaniwavyo.

Mnyama akishachinjwa na kuchunwa, ngozi huwambwa chini kwa vigingi vidogo vya mti, upande wa nyama ukiwa juu, ikakwanguliwa mafuta na vipande vya nyama, ikasuguliwa kwa majivu, na kuachwa juani. Jua la Waso halina haja ya msaada. Siku chache humaliza kazi. Lakini hodari wa viatu hakuingoja ngozi ikauke kabisa, kwani ngozi kavu kikwelikweli ni ngumu kama ubao na kisu huteleza juu yake. Huichukua ikiwa bado na unyevu kidogo, au huilowesha upya, kisha huichagua mahali. Tumboni ni nyembamba na hunyumbuka, haifai kwa wayo; panapofaa ni mgongoni na matakoni, ambako ngozi ni nene na imeshikamana. Mwenye mguu husimama juu yake, na mwingine huuzungushia ncha ya kisu au kipande cha mkaa, akaacha nafasi ya upana wa kidole kuuzunguka mguu, kwa sababu ngozi mbichi ikikauka hujikunja na kupungua, na asiyeacha nafasi hiyo hupata kiatu cha mwanawe badala ya chake. Hukatwa tabaka mbili, pengine tatu, zikalazwa pamoja na kushonwa pembeni kwa ukanda mwembamba unaopitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwa msharasi wa chuma.

Ukanda huo ndio mtihani wa mwanafunzi. Watu wasiojua hudhani kwamba ukanda mrefu hutaka ngozi ndefu, sivyo. Huchukuliwa kipande cha mviringo, kisichozidi kiganja mara mbili, kikakatwa kwa kuzungusha kisu kutoka ukingoni kwenda katikati, bila kukatisha, na kutoka katika kipande hicho kidogo hutoka ukanda wa urefu wa pima kadhaa, ambao hulowanishwa, ukavutwa, ukafungwa baina ya miti miwili mpaka unyooke. Kijana ambaye mkono wake unatetemeka hutoa ukanda ulio mnene hapa na mwembamba pale, nao hukatikia palepale pembamba, naye yuko mbali na nyumbani. Hakuna mwalimu mkali kuliko huyo. Baba hakuwa na haja ya kumkaripia. Alimpa vipande vya pembeni visivyofaa kitu, akamwachia kisu, naye akaendelea na shughuli zake, na mtoto akakatakata mpaka siku moja ukanda wake ukatoka sawasawa na kupokewa bila sifa yoyote, ukatiwa katika kiatu cha nyumba.

Baada ya kushonwa, hutobolewa tundu la mbele, baina ya kidole gumba na cha pili, ikapitishwa gidamu, na kanda nyingine mbili za ubavuni zikaungana nayo juu ya mguu na kuzunguka kisigino. Kiatu kipya huvaliwa kingali kibichi, kikaukie mguuni na kulishika umbo lake. Siku hiyo ya kwanza mwenye kukivaa hutembea kwa taabu. Kisha hupakwa samli au mafuta ya mnyama kila mara, la sivyo hukakamaa na kupasuka. Mvua ndiyo adui yake mkubwa, kwa maana ngozi ambayo haikutiwa dawa hulainika kwa maji kama mlenda, na watu wazima katika matope ya masika walivivua viatu vyao wakavitia kwapani, wakatembea peku, jambo ambalo mgeni aliliona kichekesho. Adui wa pili alikuwa fisi. Kiatu kilicholala nje hakikuonekana asubuhi.

Nimesema kila mtu alishona, na jambo hilo si dogo kama linavyosikika, kwani katika pembe yote ya Afrika kazi ya ngozi ilikuwa na aibu yake. Wasomali, majirani wa Waborana, waliwaachia kazi hiyo watu wa koo duni, walioitwa Midgani na leo huitwa Madhibani, ambao wengine hawakuwaoa wala kuwaoza. Wala katika miji mingi ya Uhabeshi mfua chuma na mdabighi ngozi hawakuketi pamoja na waungwana. Waborana nao walikuwa na watu wao wa pembeni: Watumtu waliofua chuma, na Wawata, wawindaji, waliokuwa hodari wa ngozi za wanyama wa mwituni. Lakini aibu hiyo haikukishika kiatu cha kila siku. Mchungaji asingeweza kumngojea Mwata huko porini kila ukanda ulipokatika. Dhiki ilimlazimu ajue, na kwa kuwa wote walilazimika, hapakuwa na wa kumcheka mwenziwe. Wawata walibaki na ngozi bora, ya twiga na ya nyati, ambayo ni nene na haimalizwi upesi na mawe meusi. Njia hiyo nayo ilizibwa hatua kwa hatua na sheria za wanyamapori za wakoloni, na mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Tangu hapo kiatu cha ngozi ya twiga kikawa ni ushahidi wa jinai.

Dini pia iliingia katika mas'ala haya, kwa mlango ambao pengine msomaji hakuutazamia. Waborana wa Waso waliupokea Uislamu kwa wingi katika miongo iliyofuata kuhamia kwao, wakifundishwa na wafanyabiashara na walimu waliotoka Isiolo na kwingineko, na pamoja na swala ikaja elimu ya tohara. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pande hizi, wamesema kwamba ngozi ya mnyama wa halali aliyechinjwa ni safi. Lakini ya mzoga haitahiriki mpaka idabighiwe, tena kwa kitu kikali chenye kukamata, na miongoni mwa vitu walivyovitaja katika vitabu vyao ni makaka ya komamanga na matunda ya mgunga wa Uarabuni. Jua peke yake halitoshi, wala majivu, wala chumvi. Sasa tafakari hali ya mchungaji katika mwaka wa ukame, ambapo ng'ombe hufa wenyewe kwa njaa, na ngozi za bure ndizo hizo za mizoga, zilizokaushwa kwa jua tu! Mguu wake ukitota maji akiwa amevaa kiatu cha namna hiyo, najisi imemgusa, na akitaka kuswali lazima auoshe. Na migunga yenye dawa ya kudabighia ilikuwa imesimama palepale kando ya mto, ikidondosha matunda yake kwa mbuzi. Hilo huniambia kwamba upungufu wa ngozi ile ya zamani ulitokana na haraka, wala si kukosa vifaa: aliyehitaji kiatu alikihitaji leo, ilhali kudabighi kunataka wiki kadhaa na maji mengi, na watu walikuwa wakihama.

Mavazi ya ngozi yalitangulia kutoweka. Kitambaa cha merikani kilipofika kwa bei iliyowezekana, wanawake waliyaacha mavazi mazito ya ngozi, nao wanaume wakajitanda nguo nyeupe. Na ni jambo la kuangaliwa kwamba mwili ulikubali kitu cha dukani mapema sana, na mguu ukachelewa miaka mingi. Sababu iko wazi. Shuka ya pamba ni nyepesi na yafaa zaidi juani, bali kiatu cha duka cha siku zile, chenye kisigino na kamba na ulimi, kilijaa mchanga, kikauunguza mguu, na kilipopasuka hapakuwa na wa kukishona. Kiwanda cha Bata kilipojengwa Limuru, wakati wa vita vikuu vya pili, viatu vyake viliwafikia kwanza wakulima, makarani na askari. Merti ilikuwa bado ndani ya wilaya za mpaka wa kaskazini zilizofungwa, ambazo mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa ya serikali.

Wakati huohuo ngozi ilianza kupata bei. Maduka ya Isiolo na matawi yake yaliyotapakaa mpaka vituoni yalinunua ngozi mbichi kwa ajili ya kupelekwa viwandani na ng'ambo, na maafisa wa mifugo walizunguka wakiwafundisha watu kutoianika chini bali kuiwamba katika fremu za miti, kivulini, isiungue wala kuoza. Elimu hiyo ilikuwa njema kwa mnunuzi. Kwa nyumba ya mchungaji ilileta hesabu mpya: ngozi ambayo jana ilikuwa ni kamba, tandiko na viatu, leo ni sukari na majani ya chai. Sioni kosa kwa aliyeiuza. Lakini kila ngozi iliyoondoka bila kukatwa iliondoka na darasa moja la ukanda ambalo mtoto hakulipata.

Mpira uliingia kwa vita. Mwaka 1940 na mwanzo wa 1941 majeshi ya Waingereza yalikusanyika kaskazini ya Kenya ili kuwatoa Wataliani katika Somalia na Uhabeshi, na Isiolo ikawa moja ya kambi zao kubwa. Malori yakapita usiku na mchana kwa njia ambazo hapo awali zilipitwa na ngamia, na miiba na mawe yaleyale yaliyoitoboa miguu ya wachungaji yakayatoboa matairi. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, mpira ukawa adimu duniani na tairi kuukuu likalindwa kama mali. Lakini vita vilipokwisha, magari ya biashara yakaongezeka, na matairi yaliyokwisha kazi yakarundikana nyuma ya maduka na gereji. Popote duniani penye tairi bovu na kisu, watu waliwaza jambo moja. Katika Uhabeshi kiatu cha tairi huitwa barabaso; katika Vietnam wapiganaji wa Ho Chi Minh walitembea nacho misituni; kwetu Kenya ni akala. Wala hapakuhitajika mtu wa kumfundisha mwenziwe ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo, akala katika Merti haikushinda kwa uimara wake tu, na hapa ndipo historia ya kiatu inapokutana na msiba wa nchi. Mwezi wa Juni 1963 waliuawa kwa risasi Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, na Haji Galma Dido, chifu wa Waborana, wakiwa safarini kuwashauri watu wasijitenge na Kenya. Mwisho wa mwaka huo serikali mpya ikatangaza hali ya hatari, na vita vya Shifta, baina ya serikali na waliotaka kujitenga, vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosuluhishwa na Rais Kaunda wa Zambia. Mwaka 1966 watu wa wilaya ya Isiolo walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla, Modogashe na Merti, na mifugo ikalazimishwa kulala karibu, mahali ambapo majani yalikwisha kwa siku chache. Waborana huziita zama hizo Daaba, na kuzihesabu kuwa ni mwanzo wa kila umaskini walio nao. Waliobaki na kitu walipoteza kwa magonjwa, kwa njaa, kwa wezi na kwa bunduki. Ngamia wa wilaya walikaribia kwisha, mbuzi na kondoo wakapungua kupita kiasi, na matajiri wa mifugo wakajikuta wakipanga foleni ya posho. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka huko, nayo ilikaa vitabuni kwa miaka mingi.

Katika vijiji hivyo vyenye ulinzi, ngozi itoke wapi? Asiyekuwa na ng'ombe hana wayo wala ukanda. Lakini malori ya jeshi yalikuwapo, na nyuma ya malori kulikuwa na matairi. Hivyo watu waliokatazwa kutembea walikatiwa viatu vyao katika magurudumu ya wale waliowakataza, na kwa mara ya kwanza katika nchi ya Waso kiatu kikawa na fundi wake: mwanamume aliyepoteza mifugo, asiye na shamba wala mshahara, akiwa na kisu, nyundo na ujuzi wa zamani wa kupima mguu. Alikaa chini ya mti karibu na soko akauza. Alichokijua kila mtu kikageuka riziki ya wachache. Wapo wanaoitazama akala mguuni mwa mtu wa kaskazini wakaona alama ya ufukara. Mimi naona mkono uliokataa kusahau kazi hata ulipopokonywa kitu cha kufanyia kazi.

Niliwahi kuketi kando ya fundi mmoja wa akala sokoni Merti, mzee mkimya, na kutazama jinsi mbinu za ngozi zilivyohamia katika mpira. Kwanza aliyakata mashavu ya tairi akayaweka kando, akabaki na mkanda wa katikati wenye meno. Hakuukata wayo kwa kuukingamisha mkanda, bali kwa kuufuata mzunguko wake, ili mpindo wa gurudumu uwe ndio mpindo wa kiatu. Ndiyo sababu akala mpya huinua pua yake mbele, nao mguu hujiviringisha mbele kila hatua pasipo kujikwaa. Chombo chake cha maji kilikuwa karibu, na kila mara alichovya kisu.

"Mzee, maji hayo ni ya kupoza kisu?"

"Mpira mkavu hukishika kisu, mwanangu. Ukilowa hukiachia."

Kisha alizichana tabaka za ndani za tairi, zile za nyuzi zilizopandana, akazitenga kama mtu anayefunua kurasa zilizogandamana, akapata kanda nyembamba zenye nguvu. Nyingine alizitoa katika tyubu. Alipasua tundu pembeni mwa wayo, akaupenyeza ukanda, akaugeuzia chini na kuupigilia vimisumari vifupi, kisha akaulaza wayo juu ya kipande cha chuma ili ncha zijikunje na kurudi ndani ya mpira. Hapo ndipo kazi nzuri inapotengana na mbaya, kwa kuwa msumari uliojikunja vibaya hungoja wiki mbili tu kabla ya kumchoma mwenye kiatu. Mteja alisimama juu ya mpira, kama babu yake alivyosimama juu ya ngozi, naye fundi akamzungushia ncha ya kisu; ila safari hii hakuacha nafasi ya kidole, maana mpira haupungui. Mjukuu wake aliyekuwa akimsaidia alipewa kanda tu. Nyayo hakuruhusiwa bado.

Ngozi yenyewe katika miaka hiyo ya akala ilikuwa ikisafiri mbali kuliko wenyewe. Ilipakiwa Isiolo, ikashuka mpaka kwa wadabighi wa Thika na Sagana au bandarini Mombasa, na sehemu yake ikarudi kuwa mikanda na kandambili katika soko la Kariokor mjini Nairobi, ambako mafundi wa ngozi wamejipanga mlango kwa mlango, na ambako Mborana aliyefika mjini kwa haja zake hununua kwa fedha nyingi kitu ambacho mali ghafi yake ilitoka bomani kwao kwa bei ya kilo chache za unga. Vijana wachache wenye bahati wamekwenda kujifunza ushoni wa kisasa katika kituo cha viatu cha Thika, ambako kuna kalibu za miguu na mashine za kushonea. Wanaporudi hutaka ngozi iliyodabighiwa, gundi na soli za kiwandani, na hayo yote hupatikana Nairobi.

Akala nayo imefikiwa na dhiki zake. Matairi ya zamani yalijengwa kwa nyuzi za pamba au nailoni, ambazo kisu kikali huzimudu. Ya siku hizi mengi yana waya wa chuma chini ya meno yake, unaovunja makali ya kisu na kumtoboa fundi mkono, hata imewabidi mafundi watafute matairi ya zamani ya malori kwa kuulizia gereji za Isiolo, na kanda wazikate katika matairi ya pikipiki, ambayo yangali ya nyuzi. Kwa upande mwingine zimekuja patapata na viatu vya plastiki, rahisi, vyepesi, vya rangi zote, vinavyotobolewa na mwiba wa mgunga mara ya kwanza vinapokutana nao. Mchungaji anayekwenda malisho ya mbali, Yamicha au kwingine, bado huvaa akala. Mtoto wa shule huvaa viatu vyeusi vya kamba kwa sababu shule imesema, na huvivua akishatoka langoni.

Na sasa limetokea jambo la ajabu. Katika miaka ya karibuni bei ya ngozi mbichi nchini Kenya imeanguka vibaya, viwanda vya nje vimeigeukia ngozi bandia, na baadhi ya machinjio huzitupa ngozi zao au kuzifukia. Ngozi ya ng'ombe imekuwa tena kitu cha bure, kama ilivyokuwa kabla ya maduka ya Isiolo kuipa thamani. Iko pale Merti imetupwa nyuma ya machinjio. Chumvi si ghali, majivu hayana bei, na matunda ya migunga yanaliwa na mbuzi. Wanaoweza kukata ukanda wa mviringo bila mkono kutetemeka wako pia, lakini aghalabu wamepita miaka 70, na vijana wanaowazunguka, ukiwapa kisu, watakuuliza tairi liko wapi.